Mguu wa Mwalimu

Aliyepiga simu alikuwa mwenye nyumba, na hakuzunguka. "Mama, njoo umchukue dada yako," alisema. "Wapangaji wangu wanataka kuhama kwa sababu ya harufu."

Mama Keki alidhani mtu yule amekosea namba. Dada yake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke aliyeweza kusimama mlangoni mwa darasa akanusa soksi chafu za mtoto aliyekaa dawati la mwisho. Maisha yake yote alipiga pasi mpaka vitambaa vya kufutia vyombo. Kama kulikuwa na mtu ambaye asingeweza kunuka, ni yeye. Kweli, kwa muda wa miezi minane alikuwa akitaja kwenye simu kamchubuko fulani mguuni, alikokapata kwa kujigonga kwenye pembe ya kitanda. Lakini kila akiulizwa jibu lilikuwa lile lile: "Kanakauka."

Hakakuwa kamekauka. Mama Keki alilijua hilo kabla hajagonga mlango. Kwenye korido ya ile nyumba kulikuwa na marashi ya waridi, mengi, mazito, na chini ya marashi kulikuwa na kitu kingine, kama panya aliyefia nyuma ya kabati na mtu akaona dawa yake ni kumnyunyizia manukato. Alijiziba pua kwa mtandio, akakumbuka ni dada yake, akaushusha. Akaupandisha tena.

Dada alikuwa ameketi kitini, madirisha yote yamefungwa, gauni limenyooshwa vizuri. Mguu wa kushoto ulikuwa umevishwa soksi, juu ya soksi mfuko wa plastiki, juu ya mfuko kipande cha shuka kilichofungwa fundo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na gari? Maana mpaka kituoni siwezi kutembea."

Basi, hivyo tu. Kana kwamba ni yeye aliyemwita.

Sasa huyu Mama Keki, ni lazima nieleze, hakuwa mtu wa kupewa kazi hii. Alikuwa mwoka keki, tena anayejulikana, na jina la utani lilikuwa limemkaa mpaka mumewe alikuwa akimwita hivyo hivyo. Jiko lake ndilo lilikuwa karakana yake. Hakuna aliyeingia na viatu. Hakuna aliyeingia bila kofia ya nywele. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu ambaye alionekana nyumbani mara mbili kwa mwezi, ndiye aliyeparua samaki, ndiye aliyemtoa kuku matumbo, ndiye aliyezibua bomba la sinki, kwa sababu mkewe akiona utelezi wowote tumbo linampanda. Watoto walipokuwa wadogo, kamasi zao alizifuta akiwa ameangalia pembeni. Alizaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na makengeza.

Lakini dada hakuwa na mwingine. Akampeleka kwake, akampa chumba cha watoto, ambao walikwisha kuoa na kuolewa, na mchana ule ule akamketisha bafuni ili aone huo mguu.

Fundo la shuka lilifunguka. Mfuko wa plastiki ulishuka na maji yake ndani, maji ya rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Soksi ilikuwa imegandamana na ngozi. Mama Keki akaivuta kwa ncha za vidole viwili, uso kaugeuzia dirishani, na soksi ilipoachia ilitoa sauti, sauti ndogo ya kubanduka, kama karatasi inavyobanduliwa chini ya keki mbichi. Dada alishika ukingo wa ndoo. Hakulia.

Kidonda kilikuwa upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo, kikubwa kama kiganja. Kingo zake zilikuwa zimevimba na kujikunja. Katikati kulikuwa na utando wa njano, mzito, unaong'aa, umejaa chembe nyeusi, na pembeni mwa utando usaha wa kijani ulikuwa ukitambaa taratibu kuelekea kisiginoni. Na ile njano Mama Keki aliijua. Ndiyo njano aliyoitafuta kila asubuhi alipokoroga mayai, sukari na maziwa kwa ajili ya kastadi ya katikati ya keki. Ilikuwa ile ile, na ngozi yake juu.

Alikimbilia sinki. Alitapika chai, akatapika na kilichotangulia chai.

"Ukimaliza," dada alisema nyuma yake, "lisuuze hilo sinki."

"Dada, umeweka nini humo?"

"Nimeweka dawa."

"Dawa gani?"

Ilibidi aulizwe kama mtoto. Alianza na spiriti. Spiriti ilipozidi kuchoma akaweka dawa ya meno, kwa sababu inapoza. Halafu kahawa ya unga, ili ikaushe. Halafu akawa anafungua vidonge vile vya rangi mbili na kunyunyiza unga wake. Halafu majani aliyosagiwa na jirani, hakumbuki majani gani.

"Na asali," alisema. "Lakini asali niliacha. Ilileta sisimizi."

Mama Keki akarudi kwenye sinki.

*

Zahanati haikuwa mbali, na nesi wa pale alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kushtua wagonjwa benchini. Aliinamia ule mguu kwa karibu kiasi kwamba Mama Keki alifumba macho kwa niaba yake.

"Lo! Kidonda ndugu," alisema nesi. "Kweli huyu ni ndugu. Kahamia, na haoneshi dalili ya kuondoka." Akacheka peke yake.

Alimtoboa dada kidole, akapima sukari, haikuwa sukari. Akatafuta mapigo ya damu juu ya unyayo, akayapata. Akaminya mguu uliovimba na kidole chake kikaacha shimo. Kisha akaeleza: mishipa ya kupandisha damu imechoka, damu inashuka vizuri lakini kupanda inagoma, inatuama pale chini, na ngozi inaoza polepole kwa kuloweka. Haponi mtu kwa kunyunyiziwa kahawa. Anapona kwa mguu kubanwa na kuinuliwa.

"Sasa sikiliza wewe mdogo mtu, maana huyu mwalimu ameshazoea kufundisha, kufundishwa hawezi. Maji yachemke, yapoe. Nusu lita, kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Bendeji ikigoma kutoka usiivute, iloweshe mpaka ijiachie yenyewe. Osha kwa hayo maji tu. Spiriti hapana, dawa ya meno hapana, majani hapana. Weka shashi hii isiyogandana, juu yake pamba, halafu bendeji ya kubana, unaanzia vidoleni kupanda mpaka chini ya goti. Vidole vikiwa baridi au vya bluu, fungua upesi mje. Akikaa, mguu juu. Kila Jumatatu namwona."

Kisha akamgeukia dada. "Mwalimu, ngozi ya pembeni inawasha?"

"Haiwashi."

"Hata kidogo?"

"Nimesema haiwashi."

*

Ikawa kila baada ya siku moja, mchana. Asubuhi Mama Keki alioka na kupamba. Mchana alivua aproni, akavaa gauni kuukuu, glavu, na kitambaa puani alichokitia tone la vanila. Vanila haikusaidia. Baada ya wiki moja vanila yenyewe ilianza kunuka usaha, na hilo lilimwogopesha, kwa sababu vanila ndiyo mkate wake.

Alijikaza kisabuni. Alilowesha, akasubiri, akabandua. Kila mara bendeji ya zamani ilitoka na ramani yake: duara la njano, pete ya kijani, doa la kahawia. Aliikunja huku akihesabu namba kichwani ili asifikiri. Aliitia kwenye mfuko, mfuko akautia kwenye mfuko mwingine, wa pili akautia kwenye wa tatu. Halafu alioga. Halafu alinawa mikono kwa maji ya klorini, mara moja kwa ajili ya usafi na mara tatu kwa ajili ya roho yake. Ndani ya mwezi mmoja mikono yake mwenyewe ilikuwa imebadilika: vifundo vyekundu, magamba katikati ya vidole, nyufa zilizovuja maji akikunja ngumi. Alipopeleka keki kwa wateja alianza kuvaa glavu za kitambaa, na mteja mmoja akamtania kwamba amekuwa bibi harusi.

Dada hakushukuru. Alikagua. "Bendeji imelegea hapa." "Mara ya mwisho ulianzia kidole cha pili." Mguu ukiwa juu ya mito miwili, miwani puani, alisahihisha kazi ya mdogo wake kama anasahihisha daftari.

Na kulikuwa na jambo la zamani kati yao. Dada alimtangulia kwa miaka kumi na mitano, na mdogo mtu alipofika darasa la tatu, mwalimu wa darasa alikuwa huyo huyo dada. Mwaka ule mtoto alipata upele. Ulianzia katikati ya vidole, akawa anajikuna chini ya dawati. Dada alimwita mbele, akamwinua mikono yote miwili kwa rula ili darasa zima lione, akasema, "Hivi ndivyo uchafu unavyofanana." Halafu akamtoa nje. Nyumbani jioni alimpaka dawa mwenyewe, kimya, kwa mikono ya taratibu kabisa, lakini hilo la jioni halikuwahi kulifuta lile la asubuhi. Sasa, akiwa amepiga magoti mbele ya mguu ule, Mama Keki wakati mwingine aliyasikia yale maneno yakimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Aliyameza pamoja na mate yake machungu.

Wiki tatu za kwanza kidonda kilipungua. Nesi alikuwa akiweka karatasi ya plastiki juu yake na kukichora kwa kalamu, na mchoro wa pili ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza, wa tatu mdogo kuliko wa pili. Wa nne ukawa mkubwa. Wa tano ukazidi. Na pembeni, kwenye ngozi iliyokuwa nzima, kulikuwa na mistari myembamba yenye damu kavu.

"Nani anaugusa huu mguu?" nesi aliuliza. Siku hiyo hakucheka.

"Mimi tu," alisema Mama Keki.

Dada alikuwa akisoma bango la chanjo ukutani.

*

Jumamosi moja kulikuwa na harusi. Keki ilikuwa ya ghorofa tatu, nyeupe tupu, laini kama ukuta uliopigwa lipu na fundi mwenye wivu na kazi yake, na maua madogo ya sukari upande mmoja tu. Mama Keki alikuwa ameipaka krimu ya mwisho Ijumaa jioni, baada ya kuosha mguu na kuoga. Saa tatu asubuhi shangazi wa bibi harusi alikuja na gari kuichukua, mwanamke wa sauti kubwa na pete nyingi, akaizunguka mara mbili, akasema, "Hapa umeua, Mama Keki. Umeua!" Wakaipakia, wakaondoka nayo taratibu kama wamebeba mgonjwa.

Mama Keki akatoka kwenda dukani kununua unga. Alifika njia panda akagundua ameacha pochi mezani. Akarudi.

Nyumba ilikuwa kimya, isipokuwa sauti moja. Kwaru, kwaru, kwaru. Alidhani ni paka anakwaruza mlango. Ilitoka chumbani kwa dada, na mlango ulikuwa haujafungwa sawasawa.

Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, bendeji imefunguliwa, imelala sakafuni kama nyoka aliyejivua. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Mdomo ulikuwa wazi, na usoni kulikuwa na utamu ambao Mama Keki hakuwahi kuuona kwa dada yake katika maisha yake yote, utamu wa mtu mwenye njaa aliyetiwa tonge mdomoni. Mkono ulikuwa ukienda juu na chini, juu na chini, kwenye ngozi ya kando ya kidonda na kisha juu ya kidonda chenyewe. Magamba meupe yalikuwa yakidondoka juu ya mkeka kama makombo. Na kilichokuwa mkononi kilikuwa kisu cha Mama Keki mwenyewe. Kile kirefu, bapa, butu, chenye mpini wa mbao. Kisu cha kupakia krimu.

Kwenye ncha yake kulikuwa na tone la njano, linaning'inia.

"Dada!"

Dada alifumbua macho. Kwa muda mfupi alikuwa na sura ya mtoto aliyekamatwa. Halafu akaitafuta sura ya ualimu, akaipata nusu.

"Unaingiaje bila kubisha?"

"Hicho ni nini mkononi?"

"Nakiosha. Kila mara nakiosha, kwa sabuni, nakirudisha mahali pake."

"Kila mara?" Mama Keki alishika fremu ya mlango. "Mara ngapi, dada?"

"Sijui."

"Tangu lini?"

"Tangu... wiki ya nne hivi. Kina urefu mzuri. Kinaingia chini ya bendeji bila kuifungua."

"Na jana?"

Dada akaokota bendeji sakafuni.

"Jana! Nakuuliza jana!"

"Jana ulipokuwa unaoga," alisema dada, polepole. "Nilikirudisha kabla hujatoka bafuni."

Kabla hajatoka bafuni. Na alipotoka, msafi, amebadilisha nguo, alifungua droo, akachukua kisu kile, akakipitisha juu ya krimu nyeupe, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na kama ilivyo kawaida yake, kile kilichobaki kwenye kisu alikionja.

Alitapika pale pale mlangoni. Hakuwahi kufika kwenye sinki.

"Kisu kilikuwa kisafi," dada alisema. "Nimekiosha. Hakuna mtu atakayejua."

Mama Keki alijifuta mdomo. "Wewe ungeila hiyo keki?"

Dada aligeuza uso ukutani.

"Nijibu. Ungeila?"

Ukutani hakukuwa na kitu. Na hapo ndipo yale maneno yalipotoka, baada ya miaka arobaini na ushee. "Hivi ndivyo uchafu unavyofanana," alisema Mama Keki.

Dada alikumbuka. Ilionekana. Mabega yake, ambayo hayakuwahi kuinama mbele ya mtu, yaliinama, akaanza kulia kwa sauti mbaya, ya kukoroma, kisu bado mkononi. Mama Keki alingoja ajisikie nafuu. Hakujisikia. Alijisikia kinyaa tu, na safari hii sehemu ya kinyaa hicho ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Kunawasha," dada alisema. "Hujui kunavyowasha. Kama siafu chini ya ngozi. Kuna siku nilitamani waukate tu mguu, nipumzike."

"Nesi alikuuliza! Mbele yangu alikuuliza!"

"Nimesimamisha watoto wangapi mbele ya shule nzima kwa kujikuna? Halafu mimi nikakae kwenye benchi niseme najikuna?"

Hakukuwa na muda wa kujibu hilo. Saa kumi watu wangekata keki.

*

Njiani kuelekea ukumbini Mama Keki alitunga uongo. Atasema mayai. Atasema amegundua trei moja ya mayai ilikuwa imeharibika, kwa hiyo anaichukua keki kwa usalama wa wageni. Uongo mzuri, safi, hauna dada ndani yake.

Keki ilikuwa imeshawekwa juu ya meza yake. Wasichana watatu walikuwa wakifunga riboni kwenye viti, na shangazi mtu alikuwa katikati ya ukumbi akielekeza kila kitu kwa kidole.

"Mayai?" alisema shangazi, baada ya kusikiliza. "Mayai gani yameharibika? Krimu nimeionja mwenyewe. Pale nyuma, chini, pasipoonekana." Akaonesha kidole chake chenye pete mbili. "Tamu mpaka nikarudia. Mama Keki, niambie ukweli. Kuna mtu amekupa hela zaidi?"

Alikuwa ameionja. Alikuwa amerudia. Mama Keki aliuangalia mdomo wa yule mwanamke, rangi nyekundu imepakwa vizuri, na uongo wake ukamfia kooni.

"Shangazi, tuongee pembeni."

"Ongea hapa hapa."

Basi akaongea hapo hapo. Alisema ana mgonjwa nyumbani mwenye kidonda. Alisema kisu kilichopaka ile krimu, mgonjwa alikuwa akijikunia bila yeye kujua. Alisema kilioshwa, lakini hawezi kuwaacha watu waile keki.

"Kujikunia wapi?"

"Mguuni. Kwenye kidonda."

"Kidonda kikavu?"

Mama Keki hakujibu haraka vya kutosha.

"Usaha?" alisema shangazi. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa sauti kubwa na ukumbi ulikuwa mtupu, neno lile lilikwenda mpaka ukutani likarudi. Wasichana waliacha riboni. Shangazi alitoa ulimi nje, akaufuta kwa kiganja, akaufuta kwa riboni, akaufuta kwa kitambaa cha meza, akakimbilia nje. Walimsikia.

Aliporudi aliyasema aliyoyasema, na siwezi kumlaumu. Mengi siyaandiki. Alimwita Mama Keki mchawi, alimwita muuaji, halafu akakaa kwenye kiti kisicho na riboni akasema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, "Na mtoto wa watu anaolewa leo."

Mama Keki aliirudisha pesa yao yote kabla hajaombwa. Kisha akaibeba keki, ghorofa moja baada ya nyingine, mpaka kwenye shimo la taka nyuma ya ukumbi. Hakuitupa nzima. Aliivunja kwa mikono, akaikandamiza na majivu na maji machafu, ili hata mwenye njaa asije akaiokota. Krimu ilimwingia kwenye nyufa za vidole na kumchoma. Nzi walifika kabla hajamaliza.

*

Habari ile haikuhitaji gari. Kufikia Jumapili simu zilikuwa zimeanza: keki ya kipaimara, basi, keki ya mtoto wa mwaka mmoja, basi, tutakujulisha. Jirani wa ukuta mmoja, ambaye walikuwa wakiazimana sufuria kwa miaka, alirudisha bakuli na kuliacha kizingitini bila kubisha. Watu waliomwona njiani walibadilisha upande. Yeye, aliyeishi maisha yake yote akiwakwepa wachafu, sasa alikuwa akikwepwa, na alijua hasa wanachokihisi kwa sababu alikihisi pia. Hakuweza kula kwa mikono yake. Alikula kwa kijiko, na kijiko alikichemsha kwanza.

Alitupa kila kilichokuwa kwenye droo ile. Kwa siku mbili hakumsemesha dada yake. Mguu aliuosha Jumapili kama kawaida, amekunja uso, kimya, na dada naye hakusahihisha kitu.

Jumatatu asubuhi alikuta dada ameshavaa, ameshika fimbo.

"Gari halijafika," alisema Mama Keki.

"Nitatembea."

Walitembea. Mwendo wa dakika kumi uliwachukua karibu saa nzima. Benchi la zahanati lilikuwa limejaa: akina mama na watoto wao, kijana aliyefungwa mkono, mzee mmoja anayekohoa. Nesi alipotokeza mlangoni, dada hakungoja aitwe ndani. Alisimama, akaegemea fimbo, akasema kwa ile sauti ya gwaride la asubuhi, "Nesi, nilikudanganya. Mguu unawasha. Nimekuwa nikijikuna, kwa kisu cha jikoni cha mdogo wangu, na nimemharibia kazi."

Benchi zima lilimtazama. Mama mmoja alimvuta mwanawe karibu. Dada alisimama hivyo hivyo mpaka wakamaliza kutazama.

Ndani, nesi alimtukana vizuri, kisha akamtibu. Ile ngozi ya pembeni ilikuwa na ukurutu, alisema. Mguu uliovimba huupata, na zile kahawa na spiriti ndizo zilizouchochea. Alimpa mafuta ya dawa ya kupaka kuzunguka kidonda, si ndani yake, kwa wiki mbili, na mafuta mazito ya kawaida kila siku baada ya hapo. Kisha akageuka.

"Na wewe unaficha nini? Lete mikono."

Mama Keki akavua glavu za kitambaa.

"Klorini," nesi alisema, akiigeuzageuza. "Huyu anajichuna kwa kujikuna, wewe unajichuna kwa kunawa. Familia gani hii!" Na hapo kicheko chake kikarudi, kikasikika mpaka benchini.

Muwasho uliisha siku ya tano. Dada alilala mchana kutwa siku hiyo, kama mtu aliyetoka safari ndefu. Mchoro uliofuata ulikuwa mdogo, na uliofuata mdogo zaidi. Usaha ukageuka maji, maji yakageuka unyevu, na kutoka kingoni ngozi mpya ikaanza kutambaa kuelekea katikati, nyekundu, laini. Nesi aliiita nyama nzuri. Mama Keki aliona haina tofauti na ulimi wa ng'ombe. Mwezi wa tano tangu aje, kidonda kilifunga.

Wateja hawakurudi. Mumewe alishauri wahame, kisha wakaona kuhama ni kazi kuliko aibu. Mama Keki akapata kibarua kwenye kiwanda cha mikate upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyemjua na hakuna krimu, unga tu na chachu na joto. Nyumbani aliwaambia anafurahi. Nusu ilikuwa kweli. Kastadi hakuila tena.

Dada alizungumzia kuondoka mara moja tu, akaulizwa aende wapi, hakulizungumzia tena. Soksi ya kubana aliyopewa na nesi alijivalisha mwenyewe kila asubuhi, kabla hajashusha miguu kitandani, kazi ya robo saa na jasho, na hakutaka msaada. Lakini nyuma ya kifundo macho yake hayakufika, kwa hiyo kila Jumamosi aliuweka mguu juu ya stuli na mdogo wake akapiga magoti kuukagua na kuupaka mafuta.

Ngozi ile mpya ilikuwa nyembamba, inang'aa, ya zambarau, na ukiibonyeza inakunjamana kama ngozi ya juu ya maziwa. Mama Keki aliipaka mafuta kwa vidole viwili, taratibu, akizunguka, uso kaugeuzia dirishani.

"Umebana pumzi," dada alisema siku moja.

"Nimebana."

"Hakinuki tena."

"Najua," alisema Mama Keki, akaongeza mafuta.